Barua Iliyosema "Hastahili"

Septemba 2025 nilikuwa nimeinamia laptopu iliyomwagikiwa juisi pale simu ya ofisini ilipolia. Karani wa shule mojawapo alisema kuna mzazi anaongea Kiswahili na hapo kwao hakuna wa kumwelewa. Kitengo chetu cha kompyuta kina mafundi saba, na mimi ndiye pekee ninayejua lugha hiyo, kwa hiyo simu za aina hii huishia kwangu hata zikihusu basi au chakula cha mchana. Hii ilihusu kazi yangu hasa.

Alikuwa mama kutoka Uvira, Kongo. Tulisalimiana, nikamuuliza hali ya nyumbani, akajibu kwa ufupi, kisha akaingia kwenye lililomleta.

"Kaka, nimepata barua ya masomo. Inasema mtoto wangu hastahili. Amefanya kosa gani?"

Nilimwomba anisomee. Akasoma polepole: "Mwanafunzi wako hastahili kupata toleo jipya la mfumo mwaka huu." Nilielewa mara moja kilichotokea, na moyo wangu ukashuka. Barua ya Kiingereza nilikuwa nimeiona wiki moja kabla. Ilizungumzia kompyuta, kwamba kompyuta aliyopewa mwanafunzi haifikii vigezo vya toleo jipya. Programu ya kutafsiri ilipofika kwenye kitenzi ikakitupa kwenye ngeli ya watu. Haistahili ikawa hastahili. Irabu moja ilidondoka, na aibu ya mashine ikamwangukia mtoto.

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililonikaa hadi leo: "Basi juu ya nini mashini yake ni ya zamani? Ni juu tuko wakimbizi?"

Nilimwambia hapana mama, ni suala la ratiba na bajeti, watoto wa shule nzima wana mashine kama hiyo. Alishukuru. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuambiwa "ni suala la ratiba" kwenye madirisha mengi ya ofisi, katika nchi zaidi ya moja. Nilichomjibu kilikuwa kweli, ila kilikuwa kidogo mno. Hapa nataka kutoa jibu kamili.

Kwa msomaji aliye Dar au Mombasa: wilaya ya shule huku Marekani si wilaya kama Muheza au Lushoto. Ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi inayochaguliwa na wananchi, kodi inayotozwa kwenye nyumba na ardhi, mabasi yake, wapishi wake na kompyuta zake. Ziko takriban 13,000 nchi nzima, na kila moja huamua yenyewe lini kompyuta zake zitahama kutoka mfumo endeshi mmoja, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kwenda mwingine. Yangu iko Kentucky. Nimefanya kazi humu miaka tisa, na katika miaka hiyo sijawahi kuona tukihamia toleo jipya siku lilipotoka. Hata mara moja.

Kwanza kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna viraka na kuna toleo jipya. Kiraka huziba tundu lililogunduliwa kwenye mfumo ulio nao. Microsoft huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi. Toleo jipya ni kubadilisha nguo nzima, kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, au, kwa kompyuta za Mac za Apple, kutoka macOS ya mwaka jana kwenda ya mwaka huu. Tunachochelewesha kwa miezi, na pengine miaka, ni toleo. Kiraka tunakichelewesha kwa siku tu, tukikijaribu kwanza kwenye mashine chache za ofisini, halafu za walimu waliojitolea, halafu za wote. Vyombo vya kazi vyenyewe vimeweka tofauti hiyo: kwa Windows, msimamizi anaweza kuahirisha viraka vya kila mwezi hadi siku 30, lakini toleo jipya hadi siku 365. Kwa Mac kikomo cha kuahirisha ni siku 90. Mtu akikwambia "shule haisasishi kompyuta", muulize anasema kipi kati ya hivyo viwili, maana kimoja kinaweza kuwa busara na kingine kikawa hatari kubwa.

Sababu ya kwanza ya kuchelewa, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni mitihani.

Sheria ya shirikisho ya elimu ya 2015 inataka angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mitihani ya kusoma na hisabati kila mwaka, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na mara moja wakiwa sekondari. Siku hizi mingi hufanyika kwenye kompyuta. Hata SAT, mtihani ambao vijana wengi hufanya wakiomba nafasi za vyuo, uliacha karatasi huku Marekani Machi 2024. Programu ya mtihani huifunga kompyuta nzima ili mwanafunzi asifungue kitu kingine, na ili iweze kufanya hivyo lazima ishikamane sana na mfumo endeshi. Toleo likibadilika, mshiko unalegea. Ndiyo maana kampuni za mitihani hutoa orodha ya matoleo zinazoyakubali, na toleo lililotoka juzi mara nyingi halimo. Mwanafunzi akija na laptopu yenye toleo lisilo kwenye orodha, mtihani unaweza kukataa kufunguka.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, kwa sura iliyo karibu yake. Ilikuwa Aprili moja kabla ya korona. Laptopu 28 zilikuwa zimekaa kwenye kabati la magurudumu wiki mbili, zimezimwa, kwa sababu darasa lilikuwa likizo. Ofisini kwetu tulikuwa tumesahau kuziwekea ahirisho. Saa mbili na robo asubuhi walimu wakazigawa, watoto wakaziwasha, na kila moja ikakumbuka deni lake la wiki mbili. Skrini zikageuka rangi moja, asilimia zikaanza kuhesabika, na onyo: usizime kompyuta. Mashine 28 zikavuta gigabaiti zake kwa pamoja kupitia kisanduku kimoja cha Wi-Fi kilichokuwa darini. Dakika kumi, asilimia tatu. Mvulana mmoja aliyekuwa na miezi michache tu tangu afike nchi hii alidhani ameivunja. Alikaa mikono mapajani, haangalii pembeni, akisubiri kuulizwa. Nilipiga magoti karibu na meza yake nikamwambia kwa Kiswahili kwamba si yeye, ni sisi. Mtihani ulianza saa nne kasoro, na watoto waliokuwa wameamka wakiwa tayari walikuwa wamekwisha kuchoka.

Tangu siku ile, mwezi mmoja kabla ya mitihani hatubadilishi chochote. Tunaita "kufunga bandari". Meneja yeyote anayeniuliza kwa nini, namwonyesha kalenda, lakini kichwani kwangu namwona yule mvulana.

Sababu ya pili ni kwamba matoleo mapya huja na makosa, na makosa hayo hugunduliwa na waliotangulia. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo jipya la Windows 10, na baada ya siku chache ikalisimamisha, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walikuta mafaili yao yamefutwa. Lilitolewa tena katikati ya Novemba. Mtu mmoja akipoteza picha zake ni huzuni. Mwalimu akipoteza mipango yake ya masomo ya mwaka, na mwenzake wa darasa la pili, na wa tatu, unazungumzia jengo zima lililosimama. Waliosubiri majuma sita hawakupoteza kitu.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Apple. Toleo la macOS liitwalo Catalina lilitoka tarehe 7 Oktoba 2019, na humo programu zote za biti 32, yaani zilizoundwa kwa mtindo wa zamani, zilikoma kufunguka. Apple ilikuwa imeonya mapema, hilo nalisema kwa haki. Lakini mwalimu wa muziki wa shule mojawapo aliona kidirisha cha kumkaribisha kwenye mfumo mpya, akabofya, akaenda zake nyumbani. Asubuhi programu yake ya kuandikia nota, aliyoitumia zaidi ya miaka kumi, ilikuwa na alama ya katazo juu yake. Nota za tamasha la Desemba zilikuwa humo ndani. Tulitumia siku mbili kuirudisha ile Mac nyuma, na toleo jipya la programu ile lilikuwa la kulipia, nje ya bajeti yake. Mwalimu yule hakufanya kosa. Aliambiwa bofya, akabofya. Kosa lilikuwa letu, kwa kutoweka ahirisho lile la siku 90 mapema.

Na ndivyo shule zilivyo. Ukitembea kwenye jengo moja unakuta printa ya mwaka huu, ubao wa kugusa wa miaka kumi, mashine ya kusoma misimbo ya vitabu maktaba, kamera za mlangoni, kengele, mizani ya jikoni, na programu iliyoandikwa na kampuni ambayo haipo tena. Kila kimoja kina dereva wake, yaani programu ndogo inayokiunganisha na kompyuta, na kila dereva anataka mfumo fulani. Ukigusa kimoja unapaswa kuuliza vingine ishirini. Pale Grand Rapids, Michigan, iliripotiwa 2015 kwamba joto na ubaridi wa shule 19 vilikuwa bado vinaongozwa na kompyuta ya Commodore Amiga ya miaka ya 1980. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari wa wakati huo, na ikileta shida walikuwa bado wanampigia yeye. Kubadilisha mfumo ule kulikadiriwa kugharimu kati ya dola milioni 1.5 na 2. Watu wengi walioisoma habari ile waliichukulia kama kioja. Mimi niliwaza majira yote ya baridi ambayo watoto walikaa madarasani wakiwa na joto, na bodi ya shule ikiwa imekaa na bahasha moja ya fedha mbele yake, ichague kati ya paa linalovuja na mashine ambayo bado inawaka.

Tuje kwenye muda. Tuna laptopu karibu 6,000. Kuhamisha moja, ukijumlisha kuichomeka, kuipakia, kuangalia kama Wi-Fi, printa na programu ya mtihani vinakubali, chukulia dakika 20. Hizo ni saa 2,000. Mtu mmoja akifanya saa 40 kwa wiki, ni wiki 50. Tukiwa saba, ni wiki saba na zaidi kidogo, bila kujibu simu wala kubadilisha kioo kilichovunjika. Na wiki hizo tunazipata wapi? Shule hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa Agosti, na katikati kuna masomo ya kiangazi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo vifaa vilivyoagizwa kwa bajeti mpya hufika wakati nusu ya likizo imekwisha. Toleo likitoka Oktoba, nafasi ya kweli ya kulipokea ni Juni inayofuata. Hayo ndiyo mengi ya huo "ucheleweshaji". Ni kama mvua kunyesha baada ya msimu wa kupanda. Hata shamba liwe zuri vipi, unangoja.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo swali la mama yule linapogusa mfupa.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti ya vifaa: kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi cha nane kilianza kuuzwa nusu ya pili ya 2017. Maana yake laptopu nyingi zilizonunuliwa hadi mwaka huo, hata ikiwa kibodi ni nzima, betri ni mpya na inafungua mafaili bila tatizo, zilikataliwa mlangoni. Sisi tulikuwa nazo 1,900. Na Microsoft ilikuwa imepanga tarehe ya kuacha kuitunza Windows 10: 14 Oktoba 2025.

Mtu atauliza, fedha za korona zilikwenda wapi? Serikali kuu ilitoa takriban dola bilioni 190 kwa shule za msingi na sekondari kwa awamu tatu, 2020 na 2021, na sehemu yake ilinunua laptopu ili watoto wasome nyumbani. Zilinunuliwa kwa pamoja, na vitu vilivyonunuliwa kwa pamoja huzeeka kwa pamoja. Muda wa kuzipangia matumizi fedha za mwisho uliisha 30 Septemba 2024. Mfuko mwingine wa shirikisho, ule wa kusaidia shule kupata intaneti, hulipia nyaya na vifaa vya mtandao lakini haulipii laptopu ya mwanafunzi. Kwa hiyo mashine 1,900 mpya, kwa dola 400 kila moja, ni dola 760,000 kutoka kwenye kodi za nyumba za watu wa hapa, ambao wengi wao wanaishi kwa mshahara wa kiwandani.

Mbali na kununua mpya zote au kubaki bila viraka, kulikuwa na njia ya tatu. Microsoft ilikubali kuendelea kutoa viraka vya usalama vya Windows 10 kwa malipo, na kwa shule ikaweka bei ya chini sana: dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili, dola 4 wa tatu. Mashirika ya kawaida yaliambiwa dola 61 mwaka wa kwanza, na kuongezeka maradufu kila mwaka. Dola 1,900 zikatununulia mwaka mmoja. Niliunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, na bado nauunga. Mwaka huo mmoja unaturuhusu kubadilisha mashine kidogo kidogo, shule kwa shule, badala ya kukopa.

Lakini lazima niseme na upande ambao wenzangu kazini hawapendi nikiuleta mezani. Kuchelewa kunaweza kuwa tabia. Mwaka wa kwanza unachelewa kwa sababu ya mtihani, wa pili kwa sababu ya bajeti, wa tatu kwa sababu umezoea. Ijumaa ya 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo uliokuwa bado unatunzwa. Waliumia si kwa kukosa toleo jipya, bali kwa kukosa kiraka kilichokuwa tayari kinawangoja. Na shule si shabaha ndogo. Septemba 2022 wilaya ya shule ya Los Angeles, ya pili kwa ukubwa nchini, ilivamiwa na wateka data, ikakataa kulipa, na taarifa zilizoibwa zikamwagwa mtandaoni. Taarifa za wanafunzi huwa na vitu ambavyo mzazi hangependa jirani avijue: ugonjwa wa mtoto, ripoti ya mshauri, anwani ya familia inayomkimbia mtu.

Ndiyo maana kwenye kikao cha Agosti nilisimama nikaomba jambo moja tu: kila ahirisho liandikwe pamoja na tarehe ya kwisha na jina la atakayewajibika. Kusubiri hadi Juni 2026 sawa. Kusubiri "hadi tutakapoona", hapana. Walikubali, baada ya mabishano ya saa nzima ambayo sitayarudia hapa.

Kitu ambacho sikukifikiria siku ile, na ambacho nilikifikiria baada ya simu ya Septemba, ni kwamba tarehe ile tuliiandika kwenye jedwali letu la ndani tu. Mtoto anayetumia mashine ile hakuambiwa. Kwenye nyumba nyingi za hapa ipo kompyuta nyingine sebuleni, na mzazi hajali ya shule ina mfumo gani. Kwa mama wa Uvira, laptopu ile ndiyo kompyuta pekee ndani ya nyumba. Juu yake mtoto anafanya kazi za shule, mama anajaza fomu za kliniki, na Jumapili wanaongea na bibi aliyebaki Burundi. Tulikuwa tumeamua jambo zito juu ya kifaa hicho, kwa sababu nzuri, halafu tukawaarifu kwa barua iliyopitishwa kwenye programu bila mtu hata mmoja kuisoma.

Nilimwomba mkuu wangu ruhusa ya kuiandika upya barua ya Kiswahili, nisitafsiri bali niandike. Ilinichukua jioni mbili. Nilibishana na nafsi yangu juu ya neno "mfumo endeshi", ambalo wazazi wengi hawajawahi kulisikia, mwishowe nikaandika "Windows" peke yake kwa kuwa ndilo wanaloliona likiwaka. Ikawa hivi:

"Laptopu ambayo mwanao anatumia ilinunuliwa mwaka 2017. Ni nzima. Wanafunzi wote wa shule yake wanatumia za aina hiyo. Haiwezi kupokea Windows mpya, kwa hiyo tumelipia viraka vya usalama vya mwaka mmoja, na itaendelea kuvipata kila mwezi. Juni 2026 tutaichukua na kumpa nyingine. Tafadhali iache ikiwaka na ikiwa kwenye chaja usiku mmoja kila wiki, ili viraka viingie wakati mtoto amelala. Ukiona ujumbe usiouelewa, tupigie."

Nilimsomea mama yule kwenye simu kabla haijachapishwa, nikitaka sikio lake. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema amefahamu. Kisha akauliza, ikiharibika kabla ya Juni, ataipeleka wapi, na nani atamwelewa akifika?

Nikamwambia aniletee mimi, nina sita za akiba kabatini.

"Basi andika namba yako humo," akasema. "Kwa kalamu, siyo na mashini."

Barua za familia za Kiswahili zilitoka Ijumaa, 43. Nilizipitia zote mezani kwangu na kalamu ya bluu, moja moja, kabla hazijaingia kwenye mabegi ya watoto.